Kwa nini Soave moja huwa maji na nyingine huwa mvinyo

Swali la msomaji: "Shikamoo. Mimi ni mhudumu wa meza katika hoteli moja hapa Malindi na wageni wetu wengi ni Waitaliano. Tuna mvinyo mweupe uitwao Soave, wa aina mbili. Chupa moja imeandikwa Soave tu, nyingine Soave Classico, na bei ya hii ya pili ni karibu mara mbili. Juzi mgeni mmoja alionja ile ya bei nafuu, akairudisha akisema ni maji. Jioni hiyohiyo mgeni mwingine aliagiza Classico, akaimaliza na kuomba chupa ya pili. Mimi ni Mwislamu, sinywi, kwa hiyo siwezi kuonja nikajua tofauti. Naomba unieleze Soave ni nini, inatoka wapi, na niipendekeze na chakula gani. Pia kuna chupa ndogo za Recioto di Soave ambazo hakuna anayeziagiza. Hizo ni za nini?"

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na hilo ulilolitaja kama vile ni upungufu. Kutokunywa kwako hakukupunguzii kitu katika kazi hii. Nimefanya kazi miaka mingi na wahudumu wa Pwani ambao hawajatia tone mdomoni maishani, na baadhi yao ndio niliowaamini zaidi mezani. Hawakuwa wakiuza kile wanachokipenda wao. Walimsikiliza mgeni, wakatazama alichoagiza kula, wakakumbuka chupa imetoka ardhi gani. Hayo yote hufundishika bila kuonja, na Soave ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu sehemu kubwa ya habari zake imo ardhini na kwenye lebo.

Wageni wako wote wawili walisema kweli. Jina Soave linabeba mashamba ya aina mbili, ya vilimani na ya uwandani, na ukishaielewa tofauti hiyo umeielewa karibu habari nzima.

Soave ni mji mdogo ulio kilomita ishirini na kitu mashariki ya Verona, katika mkoa wa Veneto, kaskazini-mashariki mwa Italia. Ukitoka Milano kwenda Venezia kwa barabara kuu, utauona upande wa kushoto: ngome juu ya kilima, na kuta zenye minara zikiteremka hadi kuukumbatia mji. Kuta hizo ni za karne ya 14, enzi za ukoo wa Della Scala waliotawala Verona. Sasa jiweke kichwani mwako umesimama juu ya ngome hiyo. Nyuma yako, kaskazini na mashariki, ni vilima vilivyojaa mizabibu hadi mji jirani wa Monteforte d'Alpone. Mbele yako, kusini, ardhi inalala tambarare mpaka macho yanachoka. Mvinyo wa huko nyuma na mvinyo wa huko mbele si ndugu wa karibu, ingawa wanatumia jina moja.

Mwaka 1927 vile vilima vya Soave na Monteforte viliwekewa mipaka rasmi kama eneo la mvinyo huu. Eneo hilo la kale ndilo leo linaloitwa Classico. Mwaka 1968 Soave ilipewa DOC, yaani muhuri wa serikali ya Italia unaosema mvinyo umetoka mahali fulani na umetengenezwa kwa masharti fulani. Lakini muhuri huo ulikuja pamoja na mipaka mipana zaidi, na uwanda nao ukaingia. Soko lilikuwa linaita. Miaka hiyo Wamarekani na Waingereza walikuwa wameipenda mikahawa ya Kiitaliano, na mvinyo mweupe walioujua kwa jina ulikuwa Soave. Kampuni kama Bolla zilizisafirisha chupa hizo kwa wingi mno. Leo mizabibu ya Soave yote, vilimani na uwandani, inakaribia hekta 7,000.

Ubaya wake ni huu. Zabibu ya Soave huitwa Garganega, na mzabibu wake una nguvu kama mpapai uliopandwa kando ya shimo la takataka. Ukiupa udongo mzito wenye rutuba na maji, utabeba vichala hadi matawi yaelemewe. Utamu, harufu na uchachu ambao mti ungeuweka katika vichala vichache unagawanywa kwa vichala vingi, na kila kimoja kinapata kidogo. Masharti ya Soave ya kawaida yanaruhusu hadi tani 15 za zabibu kwa hekta moja. Yale ya Soave Superiore, daraja lililo juu ya hiyo, yanaishia tani 10. Tofauti ya tani tano unaiona mwenyewe glasini: mvinyo mwepesi, rangi ya maji ya dafu, harufu ya ndimu kwa mbali halafu kimya. Hayo ndiyo maji aliyoyasema mgeni wako.

Jina likaanza kuharibika hata kwa wale waliokuwa wakifanya kazi nzuri. Familia ya Pieropan, walio ndani ya kuta za mji, walifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati ule. Zabibu za shamba lao moja la kilimani liitwalo Calvarino walizitengenezea mvinyo wake peke yake, na mavuno ya kwanza kutoka hivyo yalikuwa ya mwaka 1971, shamba likiwa limeandikwa kwenye lebo. Mtengenezaji mwingine, Roberto Anselmi, alifika mwaka 2000 akaliacha kabisa jina la Soave, ingawa mashamba yake yako kwenye vilima hivyohivyo. Ukikuta chupa yake, haina neno Soave mbele. Mimi nadhani alikuwa na haki ya kukasirika, ila nafurahi kwamba wengine walibaki na kupigania jina lao, maana jina la mji wa watu haliachwi kwa wanaolitumia vibaya.

Garganega yenyewe inastahili uijue kwa karibu. Msimu mmoja nilivuna vilimani Monteforte. Mizabibu mingi ya kule inapandishwa juu ya chanja, kama tunavyopandisha pasheni: nguzo, nyaya, na matawi yanayotandazwa juu hadi yawe dari ya majani. Vichala vinaning'inia chini ya dari, usawa wa uso wako. Unakata mikono ikiwa juu, na juisi inateremka ndani ya mkono wa shati hadi kwenye kiwiko, na kufikia saa nne asubuhi nyuki wamekujua. Kichala cha Garganega ni kirefu, punje zake hazikubanana, na kina mabawa mawili madogo juu. Ganda ni gumu. Upande uliopigwa na jua unageuka rangi ya dhahabu, na wakati mwingine wekundu wa kutu. Huiva kwa kuchelewa: zabibu nyingine nyeupe zimeshavunwa na kusahaulika, hii bado inaning'inia, na kwenye mashamba ya juu kazi inaingia Oktoba. (Na ni mavuno ya mara moja kwa mwaka. Wakulima wa kule walishangaa nilipowaambia kwamba Dodoma tunavuna zabibu mara mbili.)

Nilitafuna punje moja polepole, na nakuomba uzingatie nilichokipata, kwa sababu ndicho kilichomo kwenye chupa. Kwanza utamu. Kisha uchachu safi, usiokwaruza, unaoufanya mdomo utoe mate. Mwishoni, ganda lilipobaki kwenye meno, uchungu mdogo wa kupendeza. Uchungu huo ndio alama ya Soave nzuri. Waitaliano husema ni wa lozi, na wewe unaweza kuujua bila tone la kileo: chukua lozi nzima isiyomenywa, itafune pamoja na kile kiganda chake cha kahawia, na usubiri kinachobaki ulimini baada ya kumeza. Ndicho hicho. Mgeni akikuambia "mandorla", amesema lozi, na anausifu.

Kwa masharti, Soave lazima iwe na Garganega angalau asilimia 70. Inayobaki inaweza kuwa Trebbiano di Soave au Chardonnay. Wazuri wengi hutumia Garganega tupu, au huongeza Trebbiano di Soave kidogo ili uchachu uchangamke. Usimsumbue mgeni na habari hizo mpaka aulize.

Tukirudi kwenye ardhi: mzee mmoja wa vilimani aliwahi kunipa mawe mawili mkononi. La kwanza lilikuwa jeusi, zito, lenye vitundu, jiwe la volkano. La pili lilikuwa jeupe, likaniachia unga vidoleni, jiwe la chokaa. Akasema: hii hapa ndiyo Soave, chagua. Sehemu ya vilima hivi ilikuwa chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita, na volkano zililipuka humohumo majini, ndiyo maana mawe hayo mawili yanakaa jirani. Mvinyo wa jiwe jeusi huwa umejibana, una chumvichumvi na moshi kwa mbali. Wa jiwe jeupe huwa mpana, wenye tunda lililoiva zaidi, pea na hata fenesi. Pieropan hao wanao wote wawili, Calvarino kwenye weusi na La Rocca kwenye weupe, chini ya ngome. Siku ukipata mgeni anayetaka kuzungumza, mweleze habari ya mawe hayo mawili. Hutahitaji kumwambia kitu kingine.

Kuna jambo linalonigusa hapa kama mtu wa Afrika Mashariki. Mwaka 2018 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliitambua mizabibu ya kale ya Soave kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Katika orodha hiyohiyo, tangu mwaka 2011, yumo jirani yetu: kihamba cha Wachaga cha Shimbwe Juu, mlimani Kilimanjaro. Kule ni mzabibu kwenye chanja, huku ni mgomba na kahawa chini ya miti mirefu. Ardhi zote mbili zina mawe ya volkano, ziko mteremkoni, zinalimwa na familia kwa kazi nyingi ya mikono. Mgeni wa Verona anayedhani anazungumza na mtu asiyejua lolote kuhusu shamba la urithi atanyamaza kidogo ukimwambia hilo.

Sasa shika chupa zako. Ile ya kwanza imeandikwa Soave tu. Zabibu zake zinaweza kuwa zimetoka popote ndani ya mipaka mipana, na kwa bei hiyo huenda ni za uwandani. Si lazima iwe mbaya. Kama ni ya mavuno ya karibuni na imepozwa vizuri, inafaa kwa anayetaka glasi moja ya kushusha joto kabla ya chakula. Kosa ni kumpa mtu aliyekuja kula kambakoche. Ile ya pili imeandikwa Classico. Neno hili linawachanganya wengi wakadhani maana yake ni mvinyo wa zamani. Maana yake ni mahali: vilima vile vilivyowekewa mipaka mwaka 1927. Ukikuta Superiore, ambayo ilipewa daraja la juu la DOCG mwaka 2001, ujue mavuno yamepunguzwa zaidi na mvinyo ni mzito kidogo. Na tangu mwaka 2019 yapo majina 33 ya vilima na maeneo madogo yanayoruhusiwa kuandikwa kwenye lebo. Huhitaji kuyakariri. Ukiona chini ya Soave Classico kuna jina lingine la mahali, jua mtengenezaji anajivunia kilima kimoja.

Angalia mwaka pia. Soave ya kawaida inywewe ndani ya miaka miwili au mitatu ya mavuno. Ikizidi hapo inakuwa kama ua lililosahauliwa ndani ya chupa ya maji. Classico nzuri ni kinyume chake. Hukaa miaka mitano, na ya kilima kilicho bora hufika kumi, ikibadilika polepole kutoka ua na ndimu kwenda asali na lozi ya kukaanga. Mgeni akiona Classico ya miaka sita akaogopa, usiirudishe stoo kabla hujamshawishi aonje.

Matamshi hayakusumbui, maana irabu za Kiitaliano ni zilezile zetu. So-A-ve, mkazo kwenye A, na mwisho isomwe "ve" kwa ukamilifu, si "vu" wala "v". Neno lenyewe kwa Kiitaliano maana yake ni laini, tulivu. Gar-GA-ne-ga. KLA-si-ko. Re-CHO-to.

Lipo jambo jingine ambalo huenda lilichangia yale ya juzi, nalo liko mikononi mwenu hotelini. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, mvinyo mweupe ulikuwa unawekwa kwenye friza pamoja na soda, kwa nia njema, kwa sababu ya joto la Pwani. Wageni wakawa wanasema Soave haina ladha, na meneja akaamini tumeuziwa mvinyo mbovu. Mvinyo haukuwa na kosa. Ukiupoza kupita kiasi, harufu yote inalala, na kinachobaki mdomoni ni ubaridi na uchachu. Soave ya kawaida iwe nyuzi 8 hadi 10, Classico nyuzi 10 hadi 12. Friji ya kawaida huwa karibu nyuzi 4 au 5, kwa hiyo Classico itolewe dakika kumi na tano hivi kabla ya kumiminwa. Malindi hata kumi zinatosha. Kama chupa ilikuwa nje, iweke kwenye ndoo yenye barafu na maji. Barafu peke yake haishiki chupa vizuri, maji ndiyo yanayobeba ubaridi. Dakika ishirini zinatosha. Na chupa zisikae rafu ya jikoni wala karibu na dirisha. Joto la kila siku linaupika mvinyo taratibu, unakuwa wa rangi ya kahawia na harufu ya tufaha lililooza.

Harufu unaweza kuinusa bila kunywa, ikiwa nafsi yako inaridhia. Kama hairidhii, mwombe mwenzako, hakuna atakayekulaumu. Ukishafungua, Soave nzuri inanukia maua meupe, ganda la ndimu, pea, na ile lozi. Ikinuka kadibodi iliyolowa, au kitambaa cha kupigia deki kilichoachwa ndooni, kizibo kimeiharibu. Usibishane na mgeni. Badilisha chupa.

Basi tufike mezani.

Kanuni niliyoiishi ni moja: linganisha uzito wa mvinyo na uzito wa chakula, kabla hujafikiria kama ni samaki au nyama. Soave Classico ni ya uzito wa kati. Haikai kwenye mapipa mapya ya mbao, mara nyingi, kwa hiyo haina ladha ya moshi wa mbao wala vanila ya kushindana na chakula. Ina uchachu wa kukata mafuta, na ule uchungu wa mwisho unaoufanya mdomo utake tonge jingine. Ndiyo maana watu wa Verona wanainywa na vitu vyenye siagi, jibini, wali na samaki wa maji baridi.

Wali kwanza. Kusini mwa Verona, kwenye maeneo ya Isola della Scala, wanalima mchele uitwao Vialone Nano, punje fupi nono zinazonyonya mchuzi bila kupondeka. Risotto ya mchele huo, ikiwa na asparaga nyeupe za majira ya kuchipua, na jibini la milimani la Monte Veronese likikunwa juu, ikisindikizwa na Soave Classico, ni mlo ambao sijaona sababu ya kuubadilisha. Asparaga ni adui wa mvinyo nyingi kwa sababu huufanya uonekane wa chuma, Garganega huvumilia. Magharibi kuna Ziwa Garda na samaki wake, mmoja wao luccio, anayechemshwa kisha kulowekwa kwenye mchuzi wa kitunguu, dagaa wa chumvi na mafuta ya zeituni, akaliwa na polenta. Polenta ni ugali wa mahindi ya manjano, laini kuliko wetu, na wakati mwingine hukatwa vipande na kuchomwa siku ya pili.

Vicenza, mashariki ya Soave, wanao mlo wa samaki mkavu wanaouita baccalà alla vicentina. Ukimweleza mtu wa Pwani, mwambie ni binamu wa ng'onda, ila hakutiwa chumvi. Alikaushwa na upepo wa baridi kule Norwei. Wanamloweka siku kadhaa, kisha wanampika polepole sana kwa kitunguu, maziwa na mafuta ya zeituni hadi alainike kabisa. Ni chakula kizito chenye mafuta, na hapo ndipo ninapotoa Superiore, au Classico ya miaka kadhaa. Chupa yenu ya kawaida ingezama humo.

Na Venezia wana sarde in saor: sardini waliokaangwa, wakafunikwa kwa kitunguu kingi kilichopikwa na siki, zabibu kavu na njugu za misonobari, wakaachwa hadi kesho yake. Siki ni kali, na chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo unaonekana umekufa. Kwa huo nachagua Soave ya jiwe jeusi, yenye uchachu wa kutosha.

Kanuni hiyo ya uchachu itakufaa sana Malindi, kwa sababu sisi tunaikamulia ndimu karibu kila kitu. Mgeni akiagiza samaki wa kuchoma, mletee ndimu pembeni, usimkamulie. Kolekole au changu aliyechomwa kwa mkaa, mafuta kidogo na chumvi, hana mwenzi bora kuliko Classico yenu. Tambi za kome au za kaa, ambazo Waitaliano huagiza kwenu karibu kila meza, vilevile, mradi pilipili isizidi. Ngisi wa kukaanga anakwenda hata na Soave ya kawaida, iwe baridi, kwa sababu hapo kazi ya mvinyo ni kusafisha mafuta tu. Kambakoche na kamba wakubwa wa kuchoma kwa siagi wana utamu wao wa asili. Hapo toa Classico, na kama hoteli itanunua chupa chache za kilima kimoja, ziwekee meza hiyo.

Vyakula vya nazi ni swali gumu zaidi, na ndilo ninalolipenda. Samaki wa kupaka ana nazi, ukwaju, moshi wa mkaa na pilipili. Nazi inataka mvinyo wenye mwili, usioteleza juu ya tui kama maji. Ukwaju unataka uchachu. Moshi unapatana na lile jiwe jeusi. Classico inaweza kuyabeba yote matatu. Kinachoishinda ni pilipili, kwa sababu kileo huuongeza ukali wake mdomoni. Waombe wapishi wampunguzie mgeni wa mvinyo pilipili, na achari ya pilipili ibaki kwenye kibakuli. Pilau na biriani sizipeleki kwa Soave. Bizari nzima, mdalasini na karafuu vinaifunika yote, na mgeni atakuambia tena ni maji, safari hii bila kosa la chupa. Nyama choma pia hapana.

Zimebaki zile chupa ndogo zinazokaa kabatini. Recioto di Soave ni mvinyo mtamu, na kwangu mimi ndiyo kitu cha kale na cha fahari zaidi katika vilima vile. Jina linatokana na neno la lahaja ya Verona, "recie", masikio: yale mabawa mawili ya juu ya kichala, ambayo hupata jua zaidi na kuiva zaidi. Vichala bora huchaguliwa, vikalazwa juu ya chanja au kuning'inizwa kwenye ghala lenye hewa, vikakaa miezi kadhaa ya baridi vikinyauka. Maji yanapotea, sukari na harufu vinajikusanya. Punje inakuwa kama zabibu kavu ambayo bado ina roho, ndipo inakamuliwa. Katika karne ya 6, Cassiodorus, waziri wa wafalme wa Wagothi waliotawala Italia, aliandika barua ya kuagiza mvinyo wa namna hii kutoka nchi ya Verona kwa ajili ya meza ya mfalme, akaeleza jinsi zabibu zinavyoning'inizwa kukauka. Mwaka 1998 Recioto di Soave ikawa mvinyo wa kwanza wa Veneto kupewa DOCG.

Haiagizwi kwa sababu hakuna anayeitaja. Itaje wewe, mwishoni, wakati wa kitamutamu, kwa glasi ndogo na si kwa chupa. Angalia tu kwamba kitamutamu kisiwe kitamu kuliko mvinyo. Kaimati zilizolowa shira zitaifanya Recioto ionekane chachu. Biskuti kavu za lozi, keki isiyo na krimu, au pandoro, mkate mtamu wa Krismasi wa Verona, ndivyo vya kwake. Na ukipata mgeni asiyetaka tamu kabisa, mpe na jibini la bluu kama Gorgonzola; chumvi ya jibini na asali ya Recioto vinavutana vizuri. Iwe nyuzi 10 hadi 12 kama Classico. Ikishafunguliwa, sukari yake inailinda: ifunge, irudishe friji, na wiki moja baadaye bado utaiuza bila kuona haya. Classico iliyofunguliwa imalizike kesho yake, kesho kutwa mwisho. Ile ya kawaida, ikibaki jioni, wape wapishi waitie kwenye kome.